Vijana Wetu Wanatafuta Kazi ya Namna Gani?

Wazee wengi husema ya kuwa vijana wa siku hizi wanachagua kazi. Neno hilo twalisikia gulioni, msibani, na hata nje ya kanisa baada ya Misa. Mzee huonyesha shamba lake la mihogo lililojaa magugu, kisha humwonyesha mwanawe aliyekaa kivulini na simu mkononi, naye husema: "Tazameni. Kazi ipo hapa, naye anatafuta kazi." Watu hucheka, na shauri huishia hapo.

Mimi naona shauri hilo halijafika mwisho wake. Katika ofisi ya parokia yetu, upande huu wa Sengerema, vijana hupita kila mwezi kuomba cheti cha ubatizo. Zamani cheti kiliombwa kwa ajili ya ndoa. Siku hizi, ukimwuliza mtu cheti ni cha nini, mara nyingi hujibu: "Ni cha kazi, Mwalimu." (Huniita Mwalimu kwa sababu nilisoma chuo cha ualimu.) Basi nimejizoeza kuuliza swali la pili: kazi gani? Majibu yao nimeyasikiliza kwa miaka kadhaa, na leo nataka kuwaeleza wazazi, maana naona wengi hawajapata kuwauliza watoto wao swali hilo na kungojea jibu.

Ni wachache wanaotaja kazi kwa jina lake. Wengi husema, "Kazi yoyote, ila iwe ya uhakika." Ukiuliza uhakika ni kitu gani, mmoja atasema mshahara wenye tarehe. Mwingine atasema barua ya ajira, yenye jina lake na mhuri. Msichana mmoja aliyemaliza kidato cha nne alinijibu maneno ambayo yamenikaa moyoni. Alisema: "Nataka kazi ambayo nikiugua wiki moja, nikirudi naikuta."

Hayo si maneno ya mvivu. Wengi wa vijana hawa wamekwisha kubeba mifuko ya saruji, kupara samaki, kuponda mawe, na kulala usiku kucha ziwani. Kazi wanaijua. Wanachokitafuta ni kazi isiyoyeyuka mikononi mwao kama barafu.

KAZI ZA KANDA YETU

Tukitaka kuwaelewa, yafaa tuzitazame kazi zenyewe zilizopo hapa Kanda ya Ziwa.

Kwanza ziwa. Tangu viwanda vya minofu ya sangara vilipojengwa Mwanza katika miaka ya 1990, vijana wengi wa vijiji vyetu walipata huko mshahara wao wa kwanza. Lakini samaki wamepungua, na kiwanda kisichopata samaki hakiwezi kuita watu. Siku yenye mzigo wataitwa mia, siku isiyo na mzigo watarudishwa langoni. Kwenye mitumbwi nako hakuna mshahara, bali kuna mgawo. Hutolewa kwanza mafuta, chakula na gharama za nyavu, kisha mwenye chombo huchukua sehemu yake, na kinachobaki wavuvi hugawana. Wavuvi wa dagaa hufuata giza, kwa kuwa dagaa huvutwa na taa. Mwezi ukiwa mpevu hawatoki. Basi kijana wa dagaa ana siku kadhaa katika kila mwezi ambazo hapati hata senti, na deni la chakula kambini linaendelea kuandikwa.

Pili dhahabu. Babu zetu wengine walifanya kazi katika mgodi wa zamani wa Geita, uliofungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000. Mgodi wa namna hiyo huchimba kwa mitambo mikubwa, na mitambo haitaki watu wengi. Yataka mafundi wa umeme, mafundi mitambo, waendeshaji waliofundishwa na kupimwa. Kijana mwenye nguvu peke yake hapiti langoni. Huyo huenda kwa wachimbaji wadogo, kwenye maduara na makarasha, ambako malipo ni mgawo wa mifuko ya mawe. Anaweza kuchimba miezi mitatu asione kitu, au akapata kwa siku moja fedha ambayo baba yake hajaishika maishani. Ni vigumu kumshauri mtu aliyemwona jirani yake akinunua pikipiki kwa siku moja. Lakini wale ambao hawakununua kitu hawasimuliwi, na ndio walio wengi. Na kuna wengine walifukiwa.

Tatu ujenzi. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 na zaidi kidogo, lilifunguliwa Juni 2025. Sote twalifurahia, maana twajua taabu ya kungoja kivuko na mgonjwa garini. Lakini siku daraja lilipokwisha, kazi nayo ilikwisha, na akina mama waliouza samaki na machungwa kivukoni wakakosa wateja wao. Reli mpya kutoka Mwanza hadi Isaka, ya kilometa 341, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2021, imewachukua vijana wengi pia. Hiyo nayo ina kilometa ya mwisho. Mwenye kuingia kazi ya ujenzi na aingie akijua hivyo, akae karibu na fundi ajifunze ufundi wake, ili kazi ikiisha atoke na kitu kichwani.

Pamba na viwanda vya kuchambua pamba nitavipita upesi: huita vibarua wakati wa msimu, kisha hufunga. Na bodaboda kila mtu anaziona.

Sasa msomaji, tafuta katika orodha hiyo kazi ambayo mtu akiugua wiki moja atarudi aikute. Utaona ni chache mno. Ndiyo sababu macho ya vijana yote yanaelekea mlango mmoja.

MLANGO WA SERIKALI

Serikali hulipa tarehe inayojulikana. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma ni Sh. 500,000 kwa mwezi, kutoka Sh. 370,000. Kuna likizo, kuna matibabu, kuna pensheni. Hapana shaka mlango huo ni mzuri. Lakini ni mwembamba sana, na yafaa wazazi wajue wembamba wake kwa hesabu.

Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70. Waliofika katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili walizidi 10,000. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, nayo ilipokea maombi 135,027. Yaani katika kila waombaji 85 hivi, mmoja ndiye angepata. Na walimu wenzangu? Mapema mwaka huohuo wa 2025 walioomba kazi ya ualimu serikalini walizidi 200,000, kwa nafasi ambazo hazikufika 15,000. Kuna watu niliokaa nao dawati moja chuoni ambao leo wanauza vocha na nyanya, na watoto wao wameanza shule.

Sisemi vijana wasiombe. Waombe, tena waombe vizuri. Ila baba asiuze ng'ombe wa mwisho kwa kuwa "mtoto ameitwa kwenye usaili". Kuitwa kwenye usaili ni kuitwa kushindana, na matangazo husema wazi kwamba msailiwa atajilipia mwenyewe nauli, chakula na malazi. Mara ya kwanza jamaa wote huchanga. Mara ya tatu hakuna anayechanga, na kijana huona haya kusema ameitwa tena. Nimemwona mmoja aliyeficha wito wake mpaka siku ikapita. Wazazi wangekaa naye mapema wakapanga kwamba mwaka huu tuna nauli ya safari moja, au mbili, kijana angejua la kufanya.

MTU MMOJA, MAJINA MATATU

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo sisi tulio vijijini twaweza kulitengeneza wenyewe, tena bila kungoja mtu wa mjini.

Maombi ya kazi serikalini hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwa njia ya intaneti, mahali paitwapo Ajira Portal. Mwombaji hutakiwa kuwa na namba ya kitambulisho cha Taifa, yaani NIDA, cheti cha kuzaliwa, na vyeti vya shule. Vyeti vyote hivyo vyapaswa kumtaja mtu mmoja kwa jina moja. Na hapo ndipo wengi wetu huangukia.

Tuchukue mfano. Mtoto alibatizwa Yohana, mwana wa Masanja. Siku ya kuandikishwa shule alipelekwa na mjomba, mwalimu akaandika John Kulwa, maana nyumbani aliitwa Kulwa kwa kuwa ni pacha. Alipofanya mtihani wa kidato cha nne aliandikwa John Masanja Kulwa. Alipofika kwenye NIDA akataka kumheshimu babu yake, akasema Yohana Masanja Bundala. Nyumbani hakuna aliyeona neno. Kwetu mtu huwa na jina la kubatizwa, jina la kuzaliwa na jina la ukoo, na yote ni yake. Lakini kwa mtu aketiye na karatasi Dodoma, hao ni watu watatu, na hamjui hata mmoja.

Mambo ya kutengeneza ni haya. Mtoto aandikwe RITA angali mdogo, na jina atakaloandikwa hapo liwe ndilo la shule na ndilo la NIDA. Kwa aliyechelewa, maombi hupelekwa katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na cheti cha ubatizo ni miongoni mwa vielelezo vinavyokubalika kuonyesha siku ya kuzaliwa. Ndiyo maana twatembelewa sana. Ila daftari la ubatizo halibadilishwi ili lifanane na cheti cha shule. Kila wiki naombwa jambo hilo, na wengine hunijia na soda. Daftari likisema Yohana, mimi nitaandika Yohana. Mwenye majina yanayotofautiana ana njia yake ya halali: wakili humwandikia hati ya kubadili jina, nayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati katika Wizara ya Ardhi. Ina gharama, tena yataka muda. Anayeingoja mpaka aitwe kwenye usaili amechelewa.

Neno jingine ni vyeti vyenyewe. Katika usaili hawapokei hati ya matokeo wala karatasi za muda; wanataka cheti halisi. Kuna vijana wengi ambao vyeti vyao vya kidato cha nne vingali kabatini kwa mkuu wa shule tangu walipomaliza. Nendeni mkavichukue. Aliyepoteza chake aanzie polisi kutoa taarifa, kisha aliandikie Baraza la Mitihani.

Na hili la mwisho ni dogo lakini limewaponza wengi. Kijana huenda stesheneri mjini, akamlipa mwenye duka amjazie maombi. Mwenye duka kwa kutaka haraka huweka barua pepe yake mwenyewe na neno la siri analolijua yeye. Miezi minne baadaye kijana anaitwa, na wito unamfikia mwenye duka, ambaye ana maombi ya watu mia mbili. Kijana adai aandikiwe barua pepe yake mwenyewe na namba yake mwenyewe, na neno la siri alihifadhi yeye, kwenye daftari nyumbani ikibidi.

SHAMBA LA NANI?

Turudi kwa mzee wetu na shamba lake la mihogo. Ana haki ya kulalamika. Lakini siku moja nilimwuliza kijana wa namna hiyo kwa nini halimi, naye akanijibu kwa upole kabisa: "Mwalimu, nimelima tangu darasa la tatu. Mpunga ukiuzwa, fedha anashika mzee. Nikitaka shati, naomba. Nina miaka 24."

Tusimlaumu upesi. Kijana huyo ni kibarua asiye na mshahara, wala tarehe, wala mgawo. Hata mvuvi wa dagaa ana mgawo. Naye anaposema anatafuta kazi, maana yake anatafuta fedha ambayo atasema ni yake, akaihesabu, akapanga mwaka. Nawajua wazazi wawili watatu katika vigango vyetu waliowakatia vijana wao ekari moja au mbili na kuwaambia: palizi ni yako, mavuno ni yako, hasara ni yako. Vijana wale hawajaenda Mwanza. Mmoja ameongeza bustani ya vitunguu kwa maji ya ziwa, na sasa anaajiri wenzake wakati wa kuvuna. Sisemi kila mtu ana ekari ya kugawa. Ardhi imekuwa ndogo na watoto ni wengi. Lakini mwenye nayo, naye anamwita mwanawe mvivu, ajiulize kwanza kama amewahi kumlipa.

KABLA YA KUSEMA NDIYO

Kwa kuwa wengi wataishia katika kazi za watu binafsi, si serikalini, basi yafaa wajue kwamba uhakika wanaoutafuta umeandikwa katika sheria, hata kama tajiri hasemi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi: ni kazi gani, wapi, saa ngapi, mshahara gani na hulipwa lini. Kama mfanyakazi hayaelewi, mwajiri anapaswa kumweleza kwa namna atakayoelewa. Na likitokea shauri, mwajiri asiye na maandishi ndiye atakayetakiwa kuthibitisha walichopatana. Kwa hiyo kijana anayeomba barua hajaomba fadhila.

Sheria hiyohiyo yasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, wala 9 kwa siku. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28 pamoja na malipo. Mama aliyejifungua ana siku 84. Mtoto wa chini ya miaka 14 asiajiriwe kabisa, na wa chini ya miaka 18 asipelekwe mgodini, kiwandani wala mahali pengine pa hatari. Neno hili nalisema kwa sauti, maana kwenye makarasha twawaona. Serikali nayo hutoa Amri ya Mshahara yenye kima cha chini kwa kila namna ya kazi, ya mlinzi, ya shambani, ya mgodini, ya nyumbani.

Juu ya NSSF watu huuliza sana. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na katika hiyo mfanyakazi asikatwe zaidi ya asilimia 10. Iliyobaki ni ya mwajiri. Kuna waajiri hukata fedha na wasiipeleke. Mfanyakazi asingoje miaka mitano ndipo aulize. Aende ofisi ya NSSF akiwa na namba yake ya uanachama, aulize michango yake imefika wapi.

Tena mtu akiacha kazi, au akiachishwa, sheria yampa haki ya kupewa cheti cha utumishi. Wengi hawakidai. Kisha miaka inapita, tangazo linataka uzoefu wa miaka miwili, naye amefanya kazi miaka sita lakini hana karatasi hata moja ya kuonyesha.

Mwenye kupewa bodaboda kwa mkataba, yaani apeleke hesabu kila siku mpaka pikipiki iwe yake, aandikiane na mwenye mali mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: ni siku ngapi, matengenezo makubwa ni ya nani, bima ni ya nani, ikiibwa itakuwaje, na akiugua hesabu inasimama au haisimami. Ugomvi wa bodaboda ninaousikia karibu wote watokana na mambo hayo matano kutokuandikwa.

Kwa fundi aliyejifunza kwa kutazama tu, seremala, mwashi, fundi magari, mwenye ujuzi lakini hana cheti, VETA ina utaratibu wa kumpima na kumpa cheti cha ujuzi alio nao bila kumrudisha darasani miaka miwili. Ni njia nzuri mno, na naona haijulikani vya kutosha huku vijijini. Mgodi uliomkatalia mtu langoni kwa kukosa karatasi huenda ukamsikiliza akiwa nayo.

WASICHANA

Wasichana wetu huitwa mapema kuliko wavulana, na hiyo ndiyo hatari yake. Mama fulani huja kutoka mjini wakati wa Krismasi, mtanashati, na akirudi huondoka na binti wa jirani. Hakuna karatasi, hakuna kiasi kilichotajwa. Husemwa tu "nitamlea kama mwanangu". Baada ya mwaka mzazi huuliza mshahara, akaambiwa unahifadhiwa. Wako waajiri wema, nimewaona, waliowasomesha wasichana ushonaji na kuwarudisha na cherehani. Lakini mwema hatakasirika akiombwa kuandika. Mfanyakazi wa nyumbani ni mfanyakazi mbele ya sheria kama wengine. Ana siku ya mapumziko na ana kima cha chini chake. Mzazi adai jina kamili la mwajiri, mtaa anaokaa, namba mbili za simu, na binti apewe simu yake mwenyewe.

Wengine huahidiwa Oman na nchi nyingine za Ghuba. Fedha inayotajwa ni kubwa kuliko ya Mwanza, na kwa wengine ni ya kweli. Lakini mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu, nayo ilieleza habari za pasipoti kushikwa na mwajiri, kazi za saa nyingi bila mapumziko, mishahara kutolipwa, na kupigwa. Anayetaka kwenda aende kwa wakala mwenye leseni, na mkataba wake upitiwe na TaESA, kitengo cha serikali cha huduma za ajira. Anayeambiwa asafiri kwa visa ya matembezi, eti kazi itaandikwa hukohuko, asikubali. Nakala ya pasipoti na ya mkataba zibaki nyumbani kwa mzazi.

Na kuna lile jambo ambalo mabinti hawalisemi kwa baba zao. Bosi, au msimamizi, au mtu wa ofisi anayesema kazi ipo ila "tuonane jioni". Hiyo ni rushwa ya ngono, nayo ni kosa kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu namba 113, bila malipo. Mama, mwambie binti yako kabla hajaondoka kwamba akirudi mikono mitupu kwa sababu ya kukataa jambo hilo, nyumbani atapokelewa. Wengine hukubali kwa kuogopa kurudi.

WANAOUZA KAZI

Palipo na watu wengi wenye kiu hapakosi mwenye kuuza maji machafu. Ujumbe huingia kwenye simu: umechaguliwa, tuma elfu ishirini ya fomu. Mwingine hutaka fedha ya sare ya ulinzi, mwingine ya kupimwa afya kwa daktari wake, mwingine adai ana mjomba wizarani. Kazi ya kweli haiuzwi. Sekretarieti ya Ajira haitozi fedha kwa maombi. Ukiona tangazo, lisome mwenyewe mahali lilipotolewa, siyo kwenye picha iliyopitishwa na watu arobaini. Matapeli wa siku hizi huweka mhuri na nembo ya Taifa safi kuliko za serikali yenyewe!

Mbaya zaidi ni yule anayetoka kijijini kwetu, tunayemjua, aliyekwenda mjini na sasa anarudi kukusanya fedha za vijana "awaunganishe". Mtu wa namna hii watu huona haya kumshtaki, kwa ajili ya ukoo. Fedha hupotea, na mwaka ujao anarudi kwa ukoo mwingine.

AKIFUKUZWA

Yuko kijana wa kigango cha jirani aliyefanya kazi miaka mitatu katika ghala moja mjini. Siku moja aliambiwa asirudi. Alikuja kwangu baada ya miezi minane kuniuliza aandike barua kwa nani. Niliumia, kwa sababu siku zake zilikuwa zimekwisha pita, na mwenye kuchelewa hana budi kwanza kueleza sababu ya kuchelewa kabla hajasikilizwa.

Pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu huiita CMA. Ina ofisi Mwanza na katika mikoa mingine. Shauri la kuachishwa kazi lipelekwe ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Mashauri mengine, kama mshahara usiolipwa, ndani ya siku 60. Hujazwa fomu namba moja, nakala moja hupelekwa kwa mwajiri, kisha wote wawili huitwa mbele ya msuluhishi. Si lazima kuwa na wakili; mtu aweza kusimama mwenyewe, au na mtu wa chama chake cha wafanyakazi. Wapo waajiri ambao huwaachisha watu kabla ya miezi sita na kuwarudisha tena, kwa kuwa sheria ya kuachishwa isivyo halali haimlindi mtu ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri huyo. Kwa hiyo tarehe ya kuanza kazi ni mali. Iandikwe siku ileile.

Asiye na mkataba asidhani hana ushahidi. Ujumbe wa simu unaoonyesha mshahara ulivyoingia kila mwezi ni ushahidi, usiufute. Picha akiwa kazini na sare, kitambulisho cha langoni, daftari la mahudhurio, majina ya wenzake wawili walio tayari kusema: vyote achukue. Na kama nauli ya kwenda Mwanza ndiyo inayomzuia, basi hapo ndipo jamaa wachange, upesi, kabla siku 30 hazijaisha.